Udongo Niliouita Bahari

Nilisoma udongo nikatangaza habari za bahari. Kosa ni langu. Mashine haikuharibika, wala hakuna aliyenishurutisha.

Nilikuwa nachunguza mawe ya matumbawe ya kale kutoka pwani ya Malindi, nikipima elementi adimu zilizonaswa ndani yake: lanthanamu, seriamu na jamaa zao. Hunaswa wakati fuwele inakua. Ioni ya seriamu ina chaji tatu na ya kalsiamu ina mbili, lakini ukubwa wao unakaribiana, kwa hiyo seriamu huweza kukaa mahali pa kalsiamu. Chaji inayozidi husawazishwa na sodiamu inayoingia jirani, au na nafasi ya kalsiamu inayobaki tupu. Tabaka jipya likishaifunika seriamu, haitoki kirahisi.

Ndiyo maana jiwe huhifadhi habari za maji. Katika bahari yenye oksijeni, seriamu hupoteza elektroni ya nne, hung'ang'ania oksidi za manganizi na chuma, kisha huzama nazo. Maji hubaki na pengo la seriamu, na jiwe linalokulia humo hulirithi.

Mawe yangu hayakuwa na pengo. Nikaandika kwamba maji ya zama zile yalipungukiwa na oksijeni. Sikujiuliza matumbawe yenyewe yangeishije humo.

Matundu ya mawe yale yalijaa udongo mwekundu. Niliuona, nikayasuuza mara moja, nikayasaga. Kisha nikatumia asidi kali ya nitriki kwa sababu ilimaliza unga upesi, na nilikuwa na haraka ya kupeleka ripoti. Asidi hiyo haichagui: huyeyusha chokaa, na papo hapo hukamua elementi kutoka kwenye udongo na kutu ya chuma. Udongo huwa nazo mara mamia zaidi ya matumbawe. Chembe chache zinatosha kuifunika sauti ya bahari.

Niligundua nilipopanga upya jedwali kwa kufuata alumini, jambo nililolifanya kwa ajili ya unadhifu tu. Alumini ni ya udongo. Matumbawe karibu hayana. Juu, ilikokuwa nyingi, hapakuwa na pengo lolote. Kadiri nilivyoshuka ndivyo pengo lilivyojitokeza, mstari baada ya mstari, hadi sampuli safi za mwisho ambako lilionekana wazi. Nikarudi juu, nikashuka tena. Namba zote zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Sikuzisoma, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinipendeza.

Nilichambua vipande vyeupe kwa hadubini, nikaviyeyusha kwa asidi hafifu ya asetiki. Pengo likatokea.

Sampuli nyingine sikuweza kuzirudia: unga ulikwisha, na machimbo zilikotoka yalishafukiwa. Ripoti niliiondoa. Mwanafunzi aliyejenga sura nzima ya tasnifu juu ya namba zangu aliiandika upya, na mahafali ya mwaka ule yakampita.