Kutoka Karen hadi Olkaria: Nchi ya Mvuke na Adabu Zake

Kila likizo ya shule inapokaribia, familia za pwani zenye jamaa Nairobi huuliza swali moja: watoto wapelekwe wapi? Kwa anayefikia Karen, jawabu la kwanza li karibu. Hapo kuna Kituo cha Twiga, ambapo mtoto humlisha twiga kwa mkono wake. Ipo nyumba ya mwandishi wa Kidenmaki, Karen Blixen, iliyofanywa makumbusho mwaka 1986. Ipo pia njia ya miguu ya Oloolua, penye mianzi, mapango na maporomoko madogo ya maji. Hayo yote humalizika kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo macho huelekea magharibi, nyuma ya vilima vya Ngong, ambako ardhi hukatika ghafla na kushuka katika Bonde la Ufa. Huko, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, iko nchi ya Olkaria, ambayo ardhi yake hutoa mvuke mchana na usiku.

Makala haya yanakusudia kumwandaa mama na familia yake kwa safari hiyo. Uzuri wake hauna shaka, lakini ni nchi yenye adabu zake, na asiyezijua huweza kuingia hatarini akiwa na watoto mkononi.

Anayetoka Karen hufuata barabara ya Southern Bypass hadi Kikuyu, kisha Limuru, na hapo huchagua njia ya chini inayoteremka ukingoni mwa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Njia hiyo ni nyembamba na ina malori mengi, kwa hiyo dereva na aondoke mapema wala asiwe na pupa. Karibu na mwisho wa mteremko kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliotumiwa kuijenga barabara hiyo. Jina la Mai Mahiu lenyewe, katika lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji moto. Wenyeji waliujua moto ulio chini ya nyayo zao kabla hajatokea mhandisi wa kuupima.

Kutoka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, mlima Longonot husimama upande wa kushoto. Ni volkano iliyolala, yenye kimo cha mita 2,776, na mdomo wake mpana umeota msitu ndani. Vijana wenye pumzi hupanda hadi ukingoni na kuuzunguka mdomo wote, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Familia yenye watoto wadogo na wazee itosheke kuutazama kwa mbali, kisha ishike barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha hadi kwenye lango la Elsa, mlango mkuu wa hifadhi.

Jina la hifadhi hii kwa Kiingereza ni Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, na msomaji wetu asishangae akihisi uzito kulitamka. Wamasai huliita korongo lake Ol Njorowa. Jina la Kizungu lilitokana na wasafiri wa mwaka 1883, Gustav Fischer na Joseph Thomson, waliouona mwanya ule mwembamba kati ya majabali. Habari yao ina fungamano na sisi watu wa pwani. Fischer alikuwa daktari aliyekuwa akiishi Unguja, na msafara wake uling'oa nanga Pangani. Thomson aliondokea Mombasa, na njiani akafuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliyezijua njia za Umasaini kabla yake. Waliobeba mizigo na waliotafsiri lugha walikuwa watu wa pwani. Basi mwana wa Mombasa anapoingia langoni hapo, asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kwao kufika. Babu zake walipita hapa kwa miguu, wakati leo sisi tunaletwa na treni kutoka Miritini kisha gari.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita za mraba 68 na kidogo. Si kubwa, lakini ina sifa ambayo hifadhi nyingi za Kenya hazina: mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyama. Punda milia, swala, kongoni, ngiri na twiga hulisha kandokando ya njia. Nyati nao wapo, na hao hupishwa kwa mbali sana. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Mbele kidogo husimama Mnara wa Fischer, nguzo ya jiwe la volkano yenye kimo cha mita 25 hivi. Wamasai husimulia kwamba huyo ni bibi harusi aliyeambiwa asigeuke nyuma aondokapo kwao. Akageuka kuitazama nyumba yao, akawa jiwe. Wasichana wetu wakisikia kisa hicho hukaa kimya kidogo, kisha huuliza maswali mengi.

Kwa dada na mama wanaotaka kupanda baiskeli, yapo mambo ya kuzingatia. Pindo la buibui au abaya hunaswa na mnyororo kwa wepesi sana, na kuanguka kwenye njia ya changarawe si jambo la mzaha. Afadhali kuvaa suruali pana chini ya kanzu isiyofika kwenye kifundo cha mguu, na ushungi ulioshonwa badala ya mtandio unaopeperuka. Viatu viwe vya kufunika vidole. Usisahau sweta, kwani Naivasha iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi yake humtetemesha mtu aliyezoea joto la Malindi.

Chakula ni hekima kukibeba kutoka nyumbani: mahamri, katlesi, kachori, na chai katika chupa yake. Hilo huondoa shaka ya nyama na hupunguza gharama. Lakini nyani na tumbili wa huko ni wezi hodari, basi kikapu kisiachwe wazi hata kwa dakika moja. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, kwa hiyo maji yabebwe katika chupa za kudumu. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa njia ya kielektroniki, na ni vizuri kuyakamilisha kabla ya kuondoka.

Kuhusu swala, anayetoka pwani ni msafiri na anaijua rukhsa yake. La kuangaliwa ni kibla. Mombasa tunaelekea kaskazini karibu kamili. Huku Naivasha, kibla ni kaskazini lakini huinama kidogo kuelekea mashariki. Mkeka mmoja na birika la maji vitawatosha familia nzima chini ya mti wa mgunga.

Sasa tufike kwenye mvuke. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za ardhi hadi karibu na miamba yenye joto kali, yakachemka yakiwa yamebanwa. Wahandisi huchimba visima vya kina cha hadi kilomita 3, mvuke ukapanda kwa nguvu, ukatenganishwa na maji, ukazungusha mitambo ya umeme. Uchimbaji wa majaribio Olkaria ulianza mwaka 1956, na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 tu. Leo Kenya inaongoza Afrika nzima kwa umeme wa jotoardhi, na nishati hiyo hutoa yapata sehemu mbili katika tano za umeme wa nchi, au zaidi. Mabomba ya fedha hupita juu ya vilima kama mito iliyoinuliwa hewani, na upepo huleta harufu inayofanana na ya mayai viza. Mwambie mtoto akizibaye pua: mvuke huu una mkono katika taa inayokumulikia kitabu chako Mombasa.

Maji yaliyotenganishwa na mvuke ndiyo yanayotumiwa katika bwawa kubwa la kuogea la Olkaria, lenye rangi ya samawati iliyofifia kwa sababu ya madini yake. Wageni hulilinganisha na lile mashuhuri la Iceland. Watu wengi husifu wepesi wanaouhisi miilini baada ya kukaa humo. Hata hivyo ni mahali pa umma, kwa hiyo mama anayechunga sitara yake na aulize mapema kuhusu mavazi yanayokubaliwa, na kama kuna sehemu au saa za wanawake pekee. Jawabu lisipomridhisha, kuketi kando na kuutazama mvuke ukipanda ni burudani tosha. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo wasiingie katika maji ya moto bila ya kumwuliza daktari, na watoto wadogo wasiachwe peke yao hata kidogo.

Linabaki jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni korongo lenyewe la Ol Njorowa. Kuta zake zimechongwa na maji kwa karne nyingi, na mahali pengine hukaribiana hata mtu akagusa pande zote mbili. Chemchemi za moto hutiririka kutoka kwenye mwamba, na mkono wa mtoto unaweza kuungua. Kila mgeni hutamani kushuka humo. Lakini kilichochonga kuta zile ni mafuriko, na mafuriko hayakuacha kuja. Aprili 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa walichukuliwa na maji humo wakafa. Septemba 2019 maji yalikuja tena ghafla na kuondoka na roho za watalii, na serikali ikalifunga korongo.

Hatari yake ni kwamba mvua inayoua si lazima iwe ile inayokunyeshea wewe. Inaweza kunyesha juu ya vilima vilivyo mbali huku juu ya kichwa chako jua likiwaka. Maji hukusanyika, hutafuta njia, na njia yao ni korongo hilo hilo ulimosimama. Hupanda kwa dakika chache, na kuta hazina pa kushika. Na habari hii si ya korongo peke yake: mwishoni mwa Aprili 2024, hapo Mai Mahiu tulipopita, maji yaliyozuiliwa chini ya tuta la reli yalipasuka usiku yakawaua watu kwa makumi waliokuwa wamelala majumbani mwao.

Kwa hiyo kanuni na ziwe wazi kabla ya kufika. Miezi ya masika na ya vuli, usiwashushe watoto korongoni. Miezi mingine, uliza langoni kama limefunguliwa, na kama mvua imenyesha siku hiyo au usiku uliotangulia, popote katika vilima vinavyolizunguka. Usishuke bila kiongozi wa huko anayezijua njia za kutokea. Akisema turudi, rudini wakati ule ule, wala asibembelezwe kwa ajili ya picha moja zaidi. Na askari wa wanyamapori akisema hapana, hapana yake isitafutiwe njia ya pembeni. Mtoto atanung'unika garini hadi Naivasha mjini, lakini atafika nyumbani salama.

Adabu ya mwisho ni kwa wenyeji. Nchi hii ni ya Wamasai tangu zamani, na umeme tunaoufurahia umewagharimu. Mwaka 2014 familia zao zilihamishiwa makazi mapya kuupisha mtambo wa Olkaria IV. Baadhi yao walipeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na mazungumzo ya upatanishi yakafuata. Mgeni hawezi kuyamaliza mambo hayo, ila anaweza kuyajua na kuenenda kwa heshima: amkodi kiongozi mwenyeji kwa ujira wa haki, anunue shanga kwa mama aliyezitunga bila ya kupigania shilingi kumi, na asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Sisi wenyewe, watu wa Mji wa Kale na wa Lamu, twajua inavyochosha kupigwa picha mlangoni kwetu na mtu ambaye hata salamu hakutoa.

Jioni, mnaporejea Karen na kuupanda ukingo wa bonde, simamisheni gari mahali palipotengwa na mtazame nyuma. Longonot huonekana wote, na upande wa Olkaria, hewa ikiwa safi, hupanda ukungu mweupe. Waacheni watoto wauangalie kwa muda, kisha wapeni mahamri yaliyobaki, maana njia ya Limuru ina baridi na foleni.