Ziwa Lina Kina, Samaki Wana Kipimo

Kwetu Nyangezi hatuna ziwa. Tuna vilima, mashamba ya mihogo na maharage, na migomba inayozunguka nyumba zetu. Walakini samaki hatuwakosi. Sokoni hufika samaki wa maziwa mawili: sambaza wa Ziwa Kivu, waletwao kutoka Bukavu upande wa kaskazini, na ndagala wa Ziwa Tanganyika, wapandishwao mlima wa Ngomo kutoka bonde la Ruzizi. Mama mwenye fedha kidogo akinunua kikombe kimoja cha sambaza wakavu, jamaa nzima hupata kitoweo cha kulia ugali. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mambo ya ziwa si ya wavuvi peke yao. Ni mambo ya chungu chetu pia.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na swali moja hunirudia mara kwa mara. Mwanafunzi hufungua kitabu, huona picha ya mtu wa Ulaya aliyesimama chomboni, ameinua samaki mnene mwenye madoadoa, naye huuliza: "Mwalimu, mbona sisi hatuvui samaki kama huyu katika Kivu? Ziwa letu lina kina kirefu. Je, huko chini hawajifichi samaki wakubwa?" Swali hili ni jema, tena jibu lake lina mafundisho makubwa kuliko mwulizaji anavyodhani.

Samaki huyo wa picha huitwa trauti. Hupenda maji safi, ya baridi, yenye hewa nyingi. Hata Afrika ya Mashariki yuko: mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mpaka mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya, na hata leo trauti wanaishi katika mito ya baridi ya nchi ile. Lakini makao ya trauti wakubwa ni maziwa yenye kina ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Majira ya joto, jua linapopasha maji ya juu, trauti hushuka chini kutafuta baridi. Mvuvi naye humfuata huko. Huendesha chombo polepole, mwendo wa mtu atembeaye, akiburuta nyuma yake mshipi mrefu wenye kipande cha madini kilichofanyizwa mfano wa kijiko. Kijiko hicho hugeukageuka na kumetameta majini kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Trauti hudhani amepata windo, hukirukia, kumbe ni ndoana! Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, ambao huvua hivyo nguru na jodari, huita kazi hiyo kurambaza.

Ufundi mkubwa wa kurambaza ziwani ni kujua kina. Mvuvi hufunga risasi nzito mshipini. Wengine huteremsha kwa waya tufe la risasi la kilo nne au tano, ili kijiko kipite chini mita 20, au 30, au zaidi, mahali hasa trauti alipo. Asipokijua kina hicho, atazunguka kutwa nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa tulinganishe maziwa mawili. Ziwa Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, lina kina cha mita 406 mahali penye kilindi kuliko pote, na trauti wa ziwa lile huonekana hata chini ya mita 100. Ziwa Kivu linalishinda kwa kina: mita 485. Mwanafunzi akihesabu kwa haraka atasema kwamba samaki wetu wangepaswa kushuka zaidi. Lakini sivyo ilivyo, na sababu yake ndiyo hii.

Maji ya maziwa ya nchi za baridi hugeuka. Baridi inapokaribia, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na yale ya chini hupanda. Baridi kali inapokwisha, mambo huwa vivyo hivyo tena. Kwa mageuzi hayo ziwa hupumua mpaka vilindini. Ziwa Kivu haligeuki hivyo. Chini yake kuna chemchemi zitoazo maji yenye chumvi na gesi, kwa kuwa nchi yetu ni nchi ya volkano. Maji hayo ni mazito, nayo hulala chini kama asali ilalavyo chini ya maji kikombeni. Upepo wa kiangazi huyachanganya maji ya juu tu. Hewa ya uhai, yaani oksijeni, hufika mita 60 hivi, au 70 inapozidi. Chini ya hapo hakuna samaki awezaye kuishi. Vilindi vyenyewe vimejaa gesi: kadiri ya kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni, na 60 za methani. Methani ni gesi iwakayo. Kule Gisenyi ilianza kutumika katika kiwanda cha bia mwaka 1963, na mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa karibu na Kibuye mwaka 2016 huigeuza kuwa umeme. Basi vilindi vya Kivu vina moto wa kutosha, ila samaki havina.

Fikirini nyumba ya orofa nane ambayo watu waweza kukaa katika orofa moja tu, ile ya juu kabisa. Ndivyo lilivyo ziwa letu. Hakuna ghala ya siri huko chini.

Tena hata orofa hiyo ya juu, zamani sehemu yake kubwa ilikuwa kama haina wenyeji. Samaki wa asili wa Kivu ni wa namna chache, nao wengi hupenda kukaa karibu na ufuko. Katikati ya ziwa vilikuwako vidudu vidogo vifaavyo kuwa chakula, lakini samaki wa kuvila walikuwa haba. Ndipo kati ya mwaka 1958 na 1960, mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, maelfu ya vifaranga vya samaki wa Ziwa Tanganyika vilichukuliwa vikamiminwa katika Kivu. Vilikuwa vya namna mbili. Namna moja ilipotea; nyingine ikashika, ikazaa, ikaenea ziwa zima. Huyo ndiye sambaza wetu. Kumbe yeye na ndagala waliolala ubaoni pamoja naye pale sokoni ni watu wa nyumbani, asili yao ni ziwa moja!

Sambaza havuliwi kwa kurambaza, kwa maana ni mdogo, urefu wa kidole tu, na chakula chake ni vidudu. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo. Wafikapo mahali pao huteremsha wavu na kuwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi ni taa za umeme wa betri mara nyingi. Mwanga huvuta vidudu, vidudu huvuta sambaza, kisha wavu huinuliwa. Usiku wa mbalamwezi pato hupungua, kwa kuwa nuru ya mwezi imeenea pote na taa haina tena mvuto. Mvuvi wa trauti humshukia samaki chini. Mvuvi wetu humwita apande juu. Lakini wote wawili hutii sheria moja: kujua samaki anaishi wapi, na kwa kipimo gani.

Hapa pana jambo la kutuhangaisha. Sambaza hutaga karibu na ufuko, na watoto wake hukulia huko, penye maji mafupi, kabla ya kwenda katikati ya ziwa. Huko huko ufukoni watu huburuta nyavu za matundu madogo mno, hata vyandarua vya mbu vilivyogawiwa ili kuwakinga watoto na malaria. Chandarua hakichagui. Hukusanya kila kilicho na uhai, hata wale walio wembamba kama uzi. Nimewaona sokoni wakiwa wamekaushwa. Katika kikombe kimoja huwamo mamia kwa mamia ya samaki ambao, kama wangaliachwa miezi michache tu, wangalijaza vikombe vingi. Ukimwuliza mwuzaji, hujibu: "Ziwa halina mwisho. Hawa wakipungua, watapanda wengine kutoka kilindini." Nasi tumekwisha kuona kwamba kilindini hakuna wa kupanda.

Hata wale wenye samaki mpaka vilindini walipata kupungukiwa. Katika maziwa makubwa matatu, Superior, Michigan na Huron, watu walikuwa wakivua trauti wa ziwa karibu tani 6,800 kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata tani 136 hivi tu. Adui mmoja alikuwa lamprei, mnyama mrefu mfano wa mkunga, asiye na taya, mwenye mdomo wa mviringo uliojaa meno, ambaye hujibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu. Aliingia kwa njia ya mifereji iliyochimbwa na watu kwa ajili ya meli, akaonekana katika Ziwa Superior mwaka 1938. Adui wa pili alikuwa wavuvi wenyewe, waliovua kupita kiasi. Katika Ziwa Michigan trauti wa asili walikwisha kabisa.

Watu wale hawakukaa wakilia. Mwaka 1954 Marekani na Kanada walifanya mapatano, wakaunda tume moja ya kutunza maziwa yao. Mwaka 1958 walianza kutia mitoni dawa ya kuua lamprei wachanga. Uvuvi wa trauti wa kuuza ukafungwa katika Ziwa Superior, na vifaranga vikapandwa majini mwaka baada ya mwaka. Trauti wa ziwa hukawia sana kukomaa, miaka sita na zaidi. Kwa hiyo kazi ilidumu miaka zaidi ya thelathini. Leo Ziwa Superior lina trauti wanaozaa wenyewe bila kupandwa. Sambaza wetu hana haja ya miaka thelathini. Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka. Miezi miwili tu ya kumwachia nafasi ni faida kubwa, na ndiyo maana ndugu zetu wa Rwanda hufunga uvuvi wake kwa muda kama huo kila mwaka. Ziwa ni moja, na samaki hawajui mpaka.

Najua jibu la mama maskini: "Watoto wangu wana njaa leo, si mwakani." Neno hili ni zito, wala simlaumu asiye na kitu. Mwenye njaa hahubiriwi kwanza, hulishwa kwanza. Lakini wengi wetu si watu wa kukosa kabisa. Sisi tulio na uwezo wa kuchagua tuwaache vifaranga ubaoni, tununue sambaza waliokomaa, hata kama kikombe ni ghali kidogo. Mwuzaji atafahamu upesi bila ugomvi. Na wakati uvuvi unapofungwa, mashirika yetu ya parokia yawakumbuke jamaa za wavuvi kwa maharage na unga, kama tunavyowakumbuka wagonjwa. Mvuvi atashika sheria kwa moyo mwepesi zaidi ikiwa chungu chake si kitupu. Tena, wazazi, chandarua kikae kitandani. Kikienda ziwani, mtoto hupata hasara mara mbili: usiku huumwa na mbu, na mwakani hukosa samaki.

Kanisa halikuanza leo kutufundisha kipimo. Sheria ya Musa ilimruhusu mtu aliyekuta kiota njiani kuchukua makinda, lakini ilimkataza kumchukua na mama yao. Ilimpasa amwache aende zake, ili uzazi usikatike. Na katika Injili, mara moja tunasoma habari za Mtume Petro akivua kwa ndoana. Bwana wetu Yesu Kristu alimtuma ziwani ili ipatikane fedha ya kodi ya hekalu. Petro, aliyezoea nyavu za kujaa, safari ile alitakiwa kushika samaki mmoja, naye alikuta kinywani mwake sarafu moja, iliyotosha kwa Bwana na kwa mtumishi wake.

Nanyi wanafunzi wangu, mkikua na kupata kazi Bukavu, au Goma, au ng'ambo, pengine mtapanda chombo siku moja na kurambaza trauti kama mtu yule wa picha. Mtafurahi, nami nitafurahi pamoja nanyi. Lakini kabla ya siku hiyo, mama akiwatuma sokoni Jumamosi kununua sambaza, tazameni vizuri kikombe. Ikiwa mmeona samaki wa urefu wa kidole, nunueni, mmshukuru Mungu na mvuvi aliyekesha. Ikiwa mmeona nyuzi nyeupe tu, rudisheni kikombe kwa adabu, mwende ubao wa pili.