Lund, Walikozinduka Sungura

Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Copenhagen huvuka bahari juu ya daraja la Öresund, na kahawa haijapoa umeshaingia Uswidi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza Ulaya. Wenzangu huanzia London au Paris. Mimi nilikwenda Lund, mji mdogo wa chuo kikuu, kwa ajili ya mjomba.

Mjomba ana Parkinson. Mkono wake hutetemeka ukiwa umepumzika pajani, na sahihi yake imesinyaa hadi benki inaikataa. Kliniki moja ilimwahidi sindano ya seli shina kwa maelfu ya dola, naye akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Lund ndiko kwa kuuliza. Huko, miaka ya 1950, Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa ya reserpini wakalegea, masikio yakalala. Alipowadunga L-dopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini, kemikali ya mwendo inayopungua kwa wenye Parkinson, wakazinduka. Mwaka 1987 madaktari wa mji huohuo wakaanza kupandikiza kwenye ubongo wa wagonjwa tishu ya mimba zilizotolewa. Wapo walioishi miaka bila vidonge. Marekani, baadhi ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga bila kutaka. Na wengine walipochunguzwa baada ya kufa, ugonjwa ulikutwa umeshaanza kuzivamia hata seli zilizopandikizwa.

Mtafiti aliyenipokea aliniinamisha kwenye darubini. Niliona vishada vya seli vikitoa nyuzi nyembamba, zikitafutana kama mizizi ya mkoko. Hizi hukuzwa maabara kutoka kwenye kiinitete, na Februari 2023 mgonjwa wa kwanza wa jaribio lao alipandikizwa hapo Lund. Jaribio zima ni la watu wanane. Kyoto, Japani, watafiti wengine walitumia seli za kawaida za mwili zilizorudishwa uchanga kwa mbinu ya mwanasayansi Yamanaka. Matokeo ya 2025 yalionyesha seli zikitengeneza dopamini, na kati ya sita waliopimwa, wanne walipata nafuu ya kujongea. Sita! Kliniki ile ilikuwa inauza kana kwamba ni panadoli.

“Asiuze shamba,” yule mtafiti aliniambia. “Kwenye majaribio yetu mgonjwa halipi.”

Nikampigia mjomba nikiwa stesheni. Alisikiliza yote, kisha akauliza: je, seli hizo zingemsaidia kupata choo na usingizi? Nikamwambia hapana, zinapandikizwa sehemu moja tu, ya mwendo. Hayo mengine yana mizizi kwingine. Akaguna. Basi, akasema, nipitie duka la dawa nimchukulie ya kulainisha choo, ya Ulaya, maana ya hapa nyumbani imemchosha.