Jagi la Maji na Kauntabuku

Hapa chuoni hakuna anayeona aibu kuandika. Mhadhiri akifungua mdomo kalamu zinakimbia, na asiyeandika anajua jioni atapata desa kwa mshikaji wake. Mimi nilidhani kuandika ni kuandika tu, mpaka likizo ndefu iliyopita nilipokuwa nyumbani, kwenye kijiji kimoja cha kata ya Samuye, nikapewa kalamu mbele ya mabosi.

Kampuni moja ya madini ilikuja kuongea na halmashauri ya kijiji kuhusu itakachoifanyia jamii. Siyo hisani tu. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kusaidia jamii na akubaliane na serikali za mitaa za eneo husika. Kikao kilifanyika Jumamosi, darasani. Kwa kawaida mtendaji ndiye katibu, lakini siku hiyo alikuwa na wageni wa kupokea na viti vya kuhesabu, akaniambia, "Mwanangu, wewe mwandiko wako unasomeka. Kaa hapa."

Nikakaa. Mahudhurio, kufungua kikao, ajenda, yatokanayo, yote nikaandika. Darasani meneja alikuwa mwangalifu sana. Kila swali jibu lake lilikuwa "tutaangalia" au "nitalifikisha kwa wakubwa." Hakutaja idadi wala mwezi. Kikao kikafungwa saa 7:20 mchana, nikaandika na hiyo, nikapiga mstari chini kwa rula kama tulivyofundishwa.

Kisha tukaenda kula kwa mwenyekiti, chini ya mwembe. Wali, kuku wa kienyeji, soda. Kauntabuku nikaiweka dirishani, nikashika jagi na beseni, maana katibu nilikuwa mimi na binti wa kunawisha wageni pia nilikuwa mimi. Na ni hapo, akiwa na paja la kuku mkononi, meneja alipolegea. Akamgeukia mwenyekiti: "Mzee, kisima mwezi wa kumi kitakuwa kimechimbwa. Na madawati 60, hilo niachieni mimi." Watu wakapiga makofi. Nikaweka jagi chini, nikanyoosha mkono dirishani.

Babu mmoja akaniambia taratibu, "Mayu, mgeni anakula."

Nilimwelewa. Kwetu ukianza kuandika maneno ya mtu huku anatafuna chakula chako, umemwambia mbele ya watu kuwa humwamini. Nikarudisha kauntabuku, nikaongeza maji.

Ila kulikuwa na binti mwingine pale, wa rika langu, amevaa fulana ya kampuni. Aliomba kijiko, akala kidogo, akaandika sana kwenye kidaftari alichokipakata. Hakuna aliyemkemea. Mgeni hakemewi.

Novemba nilikuwa nimesharudi chuo, bumu halijaingia, mtendaji akanipigia simu. Kisima hakuna. Aliandika barua kuuliza, na majibu yamekuja yakiwa na muhtasari wao umeambatanishwa. Akanisomea: meneja alieleza kuwa kampuni itaangalia uwezekano wa kuchangia huduma ya maji na madawati. "Wetu unasemaje?" akauliza. Nikamwambia wetu unasema kikao kilifungwa saa 7:20.

Watu zaidi ya kumi walisikia kwa masikio yao, lakini kwenye faili masikio hayabandikwi.

Simchukii yule binti. Huenda aliandika alichosikia, bosi wake akakipunguza baadaye. Ninachojua ni kwamba yeye alikuwa na karatasi na mimi nilikuwa na jagi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kumcheka Mangungo wa Msovero, aliyetia alama kwenye mkataba wa Karl Peters mwaka 1884 bila kuweza kuusoma. Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Kusoma najua, kuandika najua, na daftari nililiacha dirishani mwenyewe.

Huko juu nako maneno na saini havifiki siku moja. Wote tunakumbuka Juni 2017, sakata la makinikia, mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alipokwenda Ikulu kuonana na Rais Magufuli. Nchi nzima ilisikia siku hiyo kuwa wako tayari kulipa. Mikataba ilikuja kusainiwa Januari 2020. Katikati hapo watu walikaa mezani miezi na miezi, na sidhani kama kuna upande uliokwenda bila mtu wa kuandika.

Sasa, sisemi tuandike huku wageni wanakula. Babu alikuwa sahihi. Na simu ndiyo usiiguse kabisa: kijijini ukishika simu kwenye chakula unaonekana uko WhatsApp, na kumrekodi mtu kimyakimya ni ubaya zaidi. Nilichokosea siyo kufunga daftari. Nilikosea kuwaacha waondoke likiwa bado limefungwa.

Likizo fupi ya mwaka huu wamekuja tena, meneja yuleyule. Safari hii nilinawisha, nikasikiliza, nikaenda jikoni nikaandika nikiwa nimechuchumaa karibu na mafiga: nani kasema, kitu gani, kiasi gani, lini. Mtendaji tulishapanga naye. Wageni walipoanza kutafuta funguo za gari akasimama: "Wageni wetu, kabla hamjaondoka, binti yetu atasoma mliyotuambia, tusije tukawanukuu vibaya." Magoti yalikuwa yananitetemeka, nikasoma.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. "Kisima sawa," akasema. "Madawati siyo 60, andika 40. Na usiandike mapema mwaka huu, andika Juni."

Nikakata, nikaandika 40, akatia saini pembeni, na mwenyekiti naye. Yule binti wa fulana akaomba apige picha ukurasa wangu, nikamshikia daftari. Karatasi ina doa la mchuzi, mtendaji kaiweka kwenye faili hivyohivyo. Juni bado haijafika.