Wadudu wa Uani Mikindani

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni mwendo wa kilomita 10 hivi. Barabara ni ile ile iendayo Lindi. Basi dogo linateremka kilima, na ghafla unaiona ghuba. Maji yametulia kama yamo ndani ya bakuli. Pembeni ipo minazi, ipo mibuyu mikubwa, na zipo nyumba za zamani za mawe.

Mji huu ni mkongwe. Majahazi yalitia nanga hapa kabla ya mji wa Mtwara kujengwa. Mwaka 1866 Dkt. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma juu ya mji. Boma hilo bado limesimama. Wageni wengi hufika Mikindani kulitazama.

Mimi sikwenda kutazama boma. Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikwenda kumsalimu shangazi yangu. Nilikaa kwake siku sita. Siku zote sita nilitazama wadudu. Nitakueleza kwa nini.

Nilipofika nilipiga hodi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu." Alinipa maji, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akanichukua hadi uani. Niliona kwamba hana raha.

Uani kwa shangazi kuna minazi miwili, mpapai, kisamvu, tuta la mchicha, na mikorosho mitatu. Mikorosho hiyo si mingi, lakini ndiyo inayomlipia mjukuu wake madaftari na sare za shule. Mkorosho mmoja, ule ulio karibu na ukuta, ulikuwa mgonjwa. Machipukizi yake yalikuwa meusi na makavu, kana kwamba mtu amepitisha moto. Maua yake nayo yalianza kunyauka.

"Ni maji moto hawa," alisema shangazi. "Jirani yangu ameniambia. Jumamosi anakuja na bomba la dawa. Viota vyote vitapigwa, na vitakavyobaki tutavichoma kwa makuti."

Kila mtu wa pwani anawajua maji moto. Ni wale chungu wekundu wanaokaa juu ya miti. Wakikung'ata wanakumwagia na maji makali kwenye jeraha. Ndiyo maana wameitwa maji moto. Mkwezi wa minazi hawezi kuwasifu hata kwa fedha.

Nilitazama juu. Viota vilikuwa vingi kwenye mikorosho miwili ya mbele. Lakini kwenye mkorosho mgonjwa sikuona hata kiota kimoja. Jambo hilo lilinishangaza. Kama mwizi ni maji moto, mbona mti wao ni mzima, na mti wasioukaa ndio unaokufa?

Sikumwambia shangazi kitu. Ilikuwa Jumatatu. Tulikuwa na siku nne kamili kabla ya bomba kufika.

KUJIFUNZA KUPIGA PICHA

Mjukuu wa shangazi ni mtoto wa binti yake. Yuko kidato cha pili. Ana simu yenye kamera, ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Nilimwambia, "Tuwatafute hawa wadudu, tuwapige picha. Tukimpata anayekausha mti, tutampeleka kwa bwana shamba." Alicheka. "Mjomba, watu hupiga picha harusi." Lakini alikubali.

Picha za kwanza zilikuwa mbaya. Tulipiga saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, majani yaling'aa, na wadudu walikimbia. Picha moja ilionyesha kidole changu tu.

Baadaye tulijifunza. Ndugu msomaji, kama nawe una simu ya namna hiyo, au kijana wako anayo, unaweza kufanya hivyo hivyo. Futa kwanza jicho la kamera kwa kitambaa safi na laini, maana simu hukaa mfukoni pamoja na vumbi na jasho. Amka mapema. Asubuhi wadudu wengi wana baridi, hawaruki ovyo. Nenda polepole, na kivuli chako kisimwangukie mdudu. Bana viwiko kwenye mbavu ili mikono isitikisike. Usiisogeze simu karibu mno, kwa sababu picha huwa na ukungu. Piga kwanza mti mzima, halafu tawi, halafu mdudu mwenyewe. Geuza na jani utazame chini yake, maana huko ndiko wengi hujificha. Weka njiti ya kiberiti kando ya mdudu. Atakayeiona picha atajua ukubwa wake.

Tulianza kwa kujifunza na wadudu wengine wa uani, kabla ya kuigusa mikorosho. Hapo ndipo nilipoona kwamba miaka yote nimepita katikati ya viumbe hawa kama kipofu.

Kwenye kisamvu tulimkuta vunjajungu. Alikuwa kijani kama jani lenyewe. Alikunja mikono yake mbele na kugeuza kichwa kututazama. Wazee husema ukimshika huyu kisha ukashika chungu, chungu kitavunjika. Shangazi alikataza tusimguse, na sisi hatukumgusa. Picha haivunji chungu. Vunjajungu hula wadudu wengine, na huweza kukaa kimya muda mrefu akingoja nzi asogee.

Kati ya mpapai na ukuta palikuwa na utando mkubwa. Nyuzi zake zilikuwa na rangi ya manjano, na jua la asubuhi lilizifanya zing'ae kama dhahabu. Katikati alikaa buibui jike, mrefu kama kidole, miguu imetandazwa. Kando yake palikuwa na kibuibui kidogo sana. Kijana alidhani ni mtoto wake. Sivyo. Huyo alikuwa dume. Katika aina hii ya buibui dume ni mdogo mno kwa jike, na humsogelea mkewe kwa hadhari kubwa.

Hesabu miguu yake. Buibui ana miguu minane, mdudu ana miguu sita. Kwa hiyo wataalamu humweka buibui katika kundi jingine, ingawa sisi kwa Kiswahili humwita mdudu tu. Hafanyi utando kila buibui. Ukutani tulimwona mmoja mdogo mwenye manyoya na macho makubwa ya mbele. Huyo huwinda kwa kuruka, kama paka. Kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, yupo ndugu yake ambaye hupenda zaidi kumla mbu aliyekwisha shiba damu.

Shangazi haui buibui. Alitukumbusha masimulizi ya Waislamu, kwamba buibui alitanda utando mlangoni mwa pango Mtume alipokuwa amejificha ndani. Ufagio wake hufagia chini tu, utando wa juu anauacha. Mimi naona hata mbu wa nyumba ile ni wachache, lakini sikuwahesabu.

Jioni moja kijana alimpiga picha kereng'ende mmoja juu ya kamba ya nguo. Shangazi alisema, "Huyo ni mmoja tu. Njoo wakati wa kaskazi uwaone." Anasema kweli. Kuna kereng'ende wa rangi ya manjano ambao hufika pwani ya Afrika Mashariki kwa wingi pepo za kaskazi zinapoanza kuvuma. Wataalamu wanaamini kwamba wanatoka India, wanapita visiwa vya Maldives, na kuvuka bahari yote kwa kusaidiwa na upepo. Ni njia ile ile ya majahazi ya zamani. Jahazi lilikuwa na tanga, nahodha na tende za kula. Kereng'ende ana mabawa manne tu.

MWIZI ANAONEKANA

Alhamisi tuliamka saa kumi na moja na nusu. Mwanga ulipotokea tulikuwa chini ya mkorosho mgonjwa. Kijana alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Alinong'ona, "Mjomba, huyu hapa."

Kwenye chipukizi laini alikaa mdudu mwembamba. Miguu yake ilikuwa mirefu, na pembe zake ndefu kuliko mwili. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya kukolea, na kwa mbali ungesema ni mbu. Alikuwa amechoma mdomo wake ndani ya chipukizi. Mahali alipofyonza jana palikuwa na doa jeusi. Tulipiga picha saba. Mbili zilitoka vizuri.

Kisha tulikwenda kwenye mkorosho wa mbele, wenye viota. Tulingoja. Maji moto walipanda na kushuka kwa mistari. Wengine walikuwa wakijenga. Hili ni jambo la kutazama, ndugu msomaji. Walijipanga kwa safu, wakashika jani kwa meno, na jani la pili kwa miguu, wakavuta pamoja. Wenzao walikuja wamebeba watoto wao wadogo, wale wa kama funza. Mtoto hutoa uzi mdomoni. Mkubwa humpitisha huku na huku kama fundi anavyopitisha mtambo wa kufumia, mpaka majani yakashikana. Kiota kizima hushonwa na watoto.

Saa moja na nusu hivi, tuliona chungu sita wanaburuta kitu. Kijana alipiga picha, akaikuza kwenye kioo. Ilikuwa miguu mirefu na pembe ndefu. Ni yule yule mwizi wa mti wa ukutani, safari hii akiwa kitoweo.

Siku ile ile tulikwenda kwa bwana shamba. Alichukua simu, akatazama picha ya kwanza, akaikuza. Alituonyesha kitu ambacho sisi hatukukiona. Mgongoni mwa mdudu yule palisimama kijiti kidogo chenye kichwa, kama pini.

"Huyu ni mbu wa mikorosho," alisema. "Hafyonzi damu. Hufyonza machipukizi na maua, na mate yake ni sumu kwa mti. Wengi humkosa kwa sababu mchana hujificha." Kisha akatazama picha ya maji moto, akacheka. "Na hawa mnataka kuwachoma?"

Alitueleza kwamba jambo hili si geni. Miaka ya 1950, huko Unguja, mtaalamu mmoja Mwingereza, M. J. Way, aliwachunguza maji moto kwenye minazi. Aliona kwamba wanapokuwa wengi wanamfukuza mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka. Karibu na Mtwara, kituo cha utafiti cha Naliendele kimewachunguza kwenye mikorosho, na wenzao wa Mikocheni, Dar es Salaam, wamefanya hivyo pia. Mti wenye viota vingi hupata madhara machache ya mbu wa mikorosho. Nchini China, wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya chungu wa jamii hii na kuvitundika mitini zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Walifunga mianzi kutoka mti hadi mti ili chungu wapate daraja.

Hakuficha ubaya wao. Maji moto huwalinda vidukari na vidugamba, kwa sababu wadudu hao huwapa majimaji matamu. Na wanang'ata, hilo hakuna wa kulibishia. Lakini korosho huokotwa chini zikianguka, hazikwewi kama nazi. Kwa mti usio na maji moto, na wenye mbu wengi, dawa inafaa, iwe ile inayotakiwa na kwa kipimo chake. Tena mpigaji ajifunge uso, na awe upande unakotoka upepo. Asiupulizie mti wenye viota, maana dawa haichagui.

JUMAMOSI

Jirani alifika saa mbili na bomba mgongoni. Ni mzee mwema, na alikuja kwa nia ya kusaidia. Shangazi alimkaribisha chai kwanza. Kisha kijana akamwonyesha picha.

Mzee alizitazama muda mrefu. Alisema picha za simu hudanganya. Alisema yeye amepanda minazi miaka 40 na mwili wake una alama za maji moto. Kijana hakubishana naye. Alimchukua hadi kwenye mti wa ukutani na kugeuza chipukizi. Mbu mmoja bado alikuwepo, amejibana chini ya jani.

"Huyu ndiye?" aliuliza mzee.

"Ndiye, babu."

Mzee aliliweka bomba chini. Alikwenda mwenyewe kwenye mikorosho ya mbele, akatazama machipukizi yake ya kijani, akarudi. Hakusema kwamba alikosea. Alisema tu kwamba dawa ni ghali, na mti mmoja hauna haja ya bomba zima. Mti wa ukutani ulipigwa dawa siku hiyo, peke yake. Shangazi alianua nguo na kufunika mchicha kwa turubai. Viota vya mbele havikuguswa.

Baada ya wiki tatu, dawa ilipokwisha nguvu, kijana alifunga kamba ya katani kutoka mkorosho wenye viota hadi ule wa ukutani. Aliniletea picha. Maji moto walikuwa wameanza kupita juu yake, mmoja mmoja.

Mwezi wa Oktoba shangazi alinipigia simu. Mti wa ukutani ulitoa korosho chache, kwa kuwa maua mengi yalikwisha kauka. Ile miwili ilitoa vizuri, na madaftari yamenunuliwa. Jirani bado anawatukana maji moto kila akipanda mnazi, na siku hizi hujipaka majivu mikononi kabla ya kupanda. Lakini ameazima simu ya kijana mara mbili. Anasema kuna kitu kinakula mhogo wake usiku.