Kona ya 24,000

Mama mmoja ninayemwandikia matangazo ya duka lake aliniuliza: "Kijana, nataka msichana wangu wa kaunta apokee 30,000 mkononi. Kwenye karatasi niandike ngapi?"

Nikamwambia hiyo ni rahisi. Haikuwa.

Nilianza na PAYE peke yake. Kwa viwango vya Julai 2023, 24,000 za kwanza hukatwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, halafu asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400, anayelipwa hadi 24,000 hakatwi kitu. Akipita hapo, kila shilingi ya ziada inamwachia senti 75. Akivuka 32,333, senti 70. Ukiuchora mshahara wa mkononi, unapata mstari wenye kona.

Mbinu ya Newton niliisoma mwaka wa pili, kabla karo haijanishinda nikafunganya virago. Unakisia jibu, unaangalia mteremko pale ulipo, unaufuata unakokupeleka, unarudia. Nilikisia 40,000. Ikanipeleka 31,976, kisha 32,000. Hatua mbili tu, jibu hilo.

Sasa je, ningeanzia 24,000 penyewe, juu ya kona? Kushoto mteremko ni 1, kulia ni 0.75. Nifuate upi? Darasani tuliambiwa hapo hakuna mteremko, ubao ukafutwa, tukaenda lunch.

Kumbe kuna watu hawakwenda lunch. Miaka ya 1970, Frank Clarke alipendekeza tukusanye miteremko inayokaribia kona kutoka kila upande, pamoja na yote iliyo kati yake, na tuikubali yote. Mwaka wa 1993, Liqun Qi na Jie Sun wakaonyesha kwamba, kwa masharti fulani, Newton akianzia karibu na jibu hufika haraka hata ukimchagulia mteremko wowote kati ya hiyo.

Nilijaribu. Kwa 1, nilipitia 30,000 ndipo nikafika 32,000. Kwa 0.75, nilifika moja kwa moja.

Nilipoongeza SHIF, NSSF na ushuru wa nyumba, kona zilizidi na jibu likapanda, ila njia ilikuwa ileile. Mwenye duka akapata namba yake.

Kila Jumapili mamangu hupiga simu: "Utarudi chuo lini?" Miaka miwili nimekuwa nikimdanganya, "Muhula ujao." Jumapili iliyopita nilimwambia, "Sijui, Mum. Labda nitarudi, labda nitapitia kwingine. Lakini sijakaa tu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama nimekula.