Mtunzi Hajulikani

Katika miaka yangu yote ya kufundisha ushairi, yapo maneno mawili niliyoyaandika ubaoni bila kusita: "Mtunzi hajulikani." Niliyaandika chini ya kila shairi lililonijia bila jina, kisha nikaendelea na vina na mizani. Sasa nimestaafu, na kilichonifundisha uzito wa maneno hayo si diwani wala utenzi, bali ni muziki wa kompyuta.

Nieleze kidogo, maana huenda wasomaji wengi hawajakutana nao. Mwaka 1987, Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Programu za jamii hiyo huitwa traka. Anayetunga kwa traka huandika herufi na namba katika safu zinazoshuka kutoka juu kwenda chini, na kompyuta huzisoma mstari baada ya mstari. Safu zilikuwa nne, kwa kuwa Amiga ilikuwa na njia nne tu za sauti. Ukurasa mmoja una mistari 64. Vipande vya sauti vyenyewe, kama mpigo wa ngoma au mlio wa filimbi, vimo ndani ya faili lilelile pamoja na maandishi yote ya utunzi. Kwa hiyo anayekupa wimbo amekupa pia siri ya jinsi alivyoutunga.

Niliujua muziki huu mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia mwalimu mwenzangu wa hisabati aliyetoka Ufini kuja kujitolea shuleni kwetu. Jioni moja alinifungulia wimbo kwenye kompyuta yake. Nilipoziona safu nne zikishuka kwa pamoja nilicheka peke yangu, nikasema moyoni: hii ni tarbia! Akanionyesha hila moja ya watunzi hao. Njia moja haiwezi kutoa noti tatu kwa wakati mmoja. Basi mtunzi huzipokezanisha noti hizo kwa kasi, hata sikio likadhani zimeungana. Sikuhitaji maelezo zaidi. Mshairi aliyebanwa na mizani hufupisha neno kwa inkisari au hulirefusha kwa mazida, na wimbo wake ukasimama. Huyu naye alibanwa na njia nne, akatafuta pa kupenyea.

Mwenzangu alipoondoka aliniachia kisanduku cha disketi. Hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Nilipostaafu nikajitolea katika hifadhi moja ya muziki huo kwenye intaneti. Kazi yangu ni ya kikarani: nasikiliza, nalinganisha nakala, nasahihisha majina ya nyimbo na ya watunzi. Ni kazi isiyo na malipo, lakini si ya mchezo. Mwaka 2020, Ufini iliiingiza demoscene, sanaa ya kompyuta ambamo muziki huu ulikulia, katika orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Faili la kawaida la aina ya MOD lina nafasi 31 za kuandikia majina ya vipande vya sauti, na kila nafasi hupokea herufi 22. Watunzi wengi hawakuandika humo majina ya ala. Waliandika majina yao, miji yao, salamu kwa marafiki. Ndivyo walivyofanya watunzi wetu wa tenzi, waliotaja katika beti za mwisho jina lao, idadi ya beti, hata tarehe ya kumaliza kazi. Wote walijua kuwa utunzi husafiri mbali kuliko mtunzi, na jina lisiposafiri ndani yake litabaki nyuma.

Pamoja na kujua hayo yote, nilikosea. Miaka michache iliyopita nilipokea wimbo wa taratibu, mzuri sana, usio na jina la mtunzi. Katika zile nafasi 31 niliona maneno ya ovyoovyo, nikayapuuza. Nikaandika: mtunzi hajulikani. Baada ya wiki kadhaa mwenzangu mmoja wa kujitolea aliniandikia kwa upole: "Soma herufi za kwanza, kutoka juu kwenda chini." Nilisoma. Lilikuwa jina la utani la mtunzi, limesimama wima mbele ya macho yangu. Kijana huyo alikwisha kufariki, na dada yake alikuwa akizitafuta nyimbo zake. Nilisahihisha siku ileile. Yule dada alijibu kwa neno moja la shukrani.

Neno hilo halikunipa raha, maana lilinikumbusha kosa jingine, lisilosahihishika. Mwaka 1989 nilikusanya mashairi ya wanafunzi wangu ili tuyachape kwa stenseli. Karatasi zilikuwa haba. Nikakata ubeti wa mwisho wa kila shairi, kwa kuwa, nilisema, "huo ni wa kuaga tu." Katika beti hizo ndimo walimokuwa wametaja majina yao. Nakala moja ya kijitabu hicho ninayo hadi leo. Ndani yake kuna shairi la binti wa Kidato cha Tatu kuhusu kisima cha kijijini kwao, na sijaona mwanafunzi mwingine aliyeandika vizuri kuliko yeye. Naikumbuka sura yake na dawati alilokalia. Jina lake silikumbuka. Nimewauliza wenzake niliowapata. Kila mmoja ananitajia jina tofauti.

Kwa hiyo kila usiku nifunguapo faili jipya, nasoma nafasi zote 31, za mlalo na za wima, kabla ya kuandika lolote. Huyo binti simlipi kwa kufanya hivyo. Nawalipa wengine kwa niaba yake. Na kwa kuwa niliwahi kukata beti za mwisho za watu, leo naomba niweke wangu:

Mwenye kazi yake yule, simnyime lake jina,
Hata akiwa ni wale, waliotutoka jana,
Andiko likae vile, lilivyoachwa bayana,
Mtunzaji, usilale, soma kisha soma tena.